Tamthilia za Mama na waya wa athi

Nyumba yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Kaskazi ikikaza, ndani hujui. Lakini ukuta unaozuia jua huzuia na waifai. Rauta iko chini karibu na mlango, pale fiba inapoingilia. TV ya Mama iko juu. Kila mavyaa wa tamthilia ya Kituruki akitaka kutoboa siri, kiduara kinazunguka, na Mama ananiita: "Mwanangu, huyu atasema lini?"

Kutoboa ukuta nipitishe kebo, hataki kusikia. Nikaamua kununua adapta zinazopitisha intaneti ndani ya nyaya za umeme: moja unaichomeka karibu na rauta, ya pili juu, kila moja na kebo yake fupi.

Dukani mjini kulikuwa na boksi za 600, 1200 na 2000. Muuzaji alinisukumia 2000. Zile namba usizibebe kama Kurani. Ni megabiti kwa sekunde, lakini ni kasi ya maabara, na ni jumla ya kwenda na kurudi. Mimi niligeuza boksi nikaangalia tundu la kebo, kwa sababu adapta nyingi za 600 zina tundu la megabiti 100 tu, basi hiyo 600 utaiona kwenye boksi peke yake. Na Mama hahitaji makubwa: Netflix inashauri megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 4K, na 5 kwa ile ya 1080. Nikachukua 1200, yenye soketi usoni, maana chumba cha Mama kina soketi moja na hiyo moja ndiyo roho ya TV.

Siku ya kwanza nikapata megabiti 9. Kosa langu: ya chini nilikuwa nimeichomeka kwenye ekstensheni ya kuzuia umeme wa ghafla, na ile huchuja hata mawimbi ya adapta. Nikaipeleka ukutani moja kwa moja, ikawa 31. Chaja ya simu ya bei rahisi iliyokuwa pembeni nikaing'oa, ikapanda kidogo tena. Hapo tamthilia ilikwenda, lakini wajukuu wakiwasha simu zao zote jioni, kiduara kinarudi.

Nikamwita fundi wa umeme kwa jambo jingine kabisa, taa ya ngazi. Akafungua soketi ya Mama, akacheka. Matundu matatu, nyaya mbili. Athi, ule waya wa usalama unaoshuka ardhini, haikuunganishwa, nadhani tangu nyumba iwekewe umeme. Sasa sikiliza: adapta za kiwango kiitwacho HomePlug AV2 zenye uwezo wa kutumia nyaya zote tatu, kama hii yangu, hupitisha data kwenye laivu (waya wa moto), nyutro (wa kurudi) na athi pamoja, kwa hiyo bila athi inakimbia kwa mguu mmoja. Sembuse hatari ya kumrusha mtu! Fundi akavuta waya wa athi, akapima, akafunga. Nikapima tena: 74.

Ndugu yangu wa ghorofa ya tatu alipoona hivyo akanunua ya kwake ili adandie yangu. Haikushika hata kidogo. Yeye ana mita yake ya tokeni, mzunguko wake mbali, na mawimbi yakifika kwenye mita hufifia. Nilimwambia mapema aulize kwanza kama muuzaji anarudisha pesa. Hakuuliza. Anataka kuniuzia sasa, kwa bei ile ile, yakhe.

Mama ameridhika, isipokuwa kitaa cha kijani kinamkera usiku. Jana nilikuta amekifunika kwa leso iliyokunjwa mara nne. Nikaitoa haraka, kidude chenyewe kilikuwa cha moto. Leo nimekata kipande cha utepe mweusi, kiasi cha punje ya mchele, nikabandika juu ya taa tu.