Nyati, makauboi na silva: maneno mawili matatu kuhusu raundi za Magharibi ya Marekani

Kila nikiposti picha ya raundi yenye nyati lazima mtu aulize eti hiyo sarafu ni ya mwaka gani. Jamani sio sarafu. Raundi ni kipande cha duara kama sarafu kinachofuliwa na kiwanda binafsi, haina thamani iliyoandikwa na serikali, huwezi kulipia kitu nayo, kilichopo pale ni aunsi moja ya troi ya silva, kama gramu 31.1 hivi, safi kwa 999 katika 1,000, na picha juu yake. Sarafu ya kweli ni kama American Silver Eagle iliyoanza 1986, ile imeandikwa dola moja na serikali ya Marekani iko nyuma yake, ndo maana inauzwa ghali zaidi japo uzito wa silva ni ule ule.

Sasa mimi nazipenda hizi za makauboi na wachimba madini, ila kinachonichekesha ni kwamba picha zinazopendwa kuliko zote hazina uhusiano na silva kabisa. Huyo nyati ametoka kwenye sarafu ya senti 5 iliyochongwa na James Earle Fraser, ikatoka kuanzia 1913 mpaka 1938, na ilikuwa shaba asilimia 75 na nikeli 25, silva hata chembe hamna. Upande wa pili kuna uso wa Mhindi Mwekundu ambao watu wanadhani ni mtu mmoja, kumbe Fraser alichanganya sura za watu kadhaa, akiwataja Iron Tail wa kabila la Lakota na Two Moons wa kabila la Cheyenne. Na wakati anachonga hiyo kitu nyati wenyewe walishamalizwa, kutoka makumi ya milioni mpaka chini ya elfu moja mwishoni mwa miaka ya 1880, kwa hiyo Wamarekani walimuweka kwenye pesa mnyama waliyemmaliza wenyewe. Mzee mwenye ndevu aliyechuchumaa mtoni na karai naye ni hivyo hivyo, yule anatafuta dhahabu! Ni picha ya California baada ya dhahabu kuonekana pale Sutter's Mill Januari 1848.

Ukitaka frontia ya silva yenyewe, yaani ile nchi mpya ya walowezi, nenda Nevada. Mwaka 1859 watu walikuwa wanasaka dhahabu kwenye miteremko pale ilipokuja kuwa Virginia City, wanalaani tope zito la rangi ya bluu linalowazibia vifaa vyao, wanalitupa, mpaka likapelekwa kupimwa ikaonekana lile tope limejaa silva. Ndo Comstock Lode hiyo, mkanda mkubwa wa silva ndani ya mwamba. Na hapo habari ya mzee mmoja na karai lake ikaishia, maana silva ilikuwa chini sana na mwamba wenyewe ulikuwa laini unaporomoka, ikabidi mhandisi Philipp Deidesheimer mwaka 1860 abuni namna ya kujenga masanduku ya magogo yanayopandana kushikilia shimo, misitu ya kuelekea Ziwa Tahoe ikafyekwa kulisha hayo mashimo. Huko chini joto lilikuwa balaa, maji ya moto yanatoka ukutani, wachimbaji wanateremshiwa barafu ili waweze kuendelea na kazi. Sijui kwa nini wachoraji hawaitumii hii, mimi ningeinunua leo leo.

Silva hiyo ndo iliyofanya serikali ifungue kiwanda cha kufua sarafu Carson City, huko huko Nevada, kilianza kufua 1870 na kuacha 1893, sarafu zake zina alama ya CC na wakusanyaji wanazigombania mpaka kesho. Jengo sasa ni makumbusho ya jimbo la Nevada, na ile mashine yao namba 1 bado ipo na bado inatumika kufua medali za silva. Kwa maoni yangu kipande kilichotoka kwenye hiyo mashine kina Magharibi ndani yake kuliko raundi kumi za kauboi juu ya farasi.

Halafu hao makauboi, wote ninaokutana nao kwenye raundi ni mzungu mmoja yule yule mwenye sharubu. Wanahistoria wanakadiria mpaka robo ya makauboi walikuwa weusi, na kazi yenyewe, kamba, tandiko na vyote, imetoka kwa Wameksiko. Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa 1838 akaja kuwa naibu mashali wa Marekani (askari wa serikali kuu anayesaka wahalifu), anastahili raundi yake kabla ya majambazi wa kubuni wanaowekwa kwenye raundi.

Kwenye kununua, angalia unalipa kiasi gani juu ya bei ya madini, maana siku ya kuuza muuzaji mara nyingi anaangalia uzito tu, picha anakusifia kwa mdomo. Zipo zinazopanda kweli, kama zile zenye picha ya mchimbaji za kampuni ya Engelhard za miaka ya 1980, lakini nyingi hapana. Pima uzito, pima kipenyo (nyingi ni milimita 39 hivi) na unene pia, kwa sababu feki ya shaba iliyopakwa silva ikifikisha uzito sawa lazima iwe nene au pana zaidi. Sumaku ikinasa, rudisha. Na ikishakuwa nyeusi nyeusi usiisugue na dawa ya vijiko tafadhali, hiyo rangi wengine tunailipia.