Spika tano zinasema kitu kimoja

Miezi minane nimekaa na sabufa ya spika tano nikijiona nina sinema sebuleni. Mgeni akija namkalisha katikati ya kochi, namwambia hapo ndipo kwenye utamu, naye kwa adabu anaitikia. Aliyeniumbua ni mpwa wangu wa kidato cha pili. Alikuja likizo, akakaa chini kwenye mkeka, mgongo kauegemeza kwenye spika ya nyuma, tunatazama muvi ya vita. Akanigeukia: "Mjomba, mbona huyu mzungu anaongea mbele na nyuma kwa wakati mmoja?"

Nikainuka, nikatega sikio. Kweli bwana. Spika ya nyuma ilikuwa inarudia neno kwa neno yale ya mbele, kama mtoto wa chekechea anayemfuatisha mwalimu. Nikaenda ya upande wa pili, vilevile. Spika tano, habari moja.

Kwanza nikamlaumu muuzaji wa Kariakoo, maana boksi lina 5.1 kubwa kama namba ya daladala. Lakini boksi halikudanganya. Tano ni chaneli tano, yaani njia tano za sauti zinazojitegemea: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, na mbili za pembeni au nyuma. Ile nukta moja ni chaneli ya mngurumo peke yake, ya sauti nzito zisizozidi hezi 120 hivi, ndiyo maana haikuhesabiwa kuwa nzima. Sasa mimi kutoka kwenye kompyuta nilikuwa nimevuta waya mmoja: huku pini ndogo kwenye tundu la kijani, kule nyekundu na nyeupe. Waya huo unabeba chaneli mbili, basi. Sabufa ikipokea mbili inazigawa kwa spika zote kwa usawa kama pilau ya msibani. Nyumba nzima inapiga kelele, lakini helikopta haipiti juu ya kichwa chako kwenda popote.

Kumbe nyuma ya sabufa kulikuwa na matundu sita ambayo sijawahi kuyagusa, yamekaa mawili mawili: ya mbele, ya nyuma, na jozi ya mwisho ni katikati na besi. Nilihitaji waya tatu za aina ileile. Elfu tisa zote, na nauli.

Upande wa kompyuta ndipo nilipokwama jioni nzima. Desktop yangu ni ya mtumba, ina matundu matatu tu nyuma: kijani, bluu na pinki. Kila mtu anajua pinki ni maiki na bluu ni ya kuingiza sauti. Zile kubwa kubwa zina tundu jeusi la spika za nyuma na la chungwa la katikati na besi, yangu haina. Nilikuwa karibu kukata tamaa, kisha nikagundua kwamba kadi nyingi za sauti zilizomo ndani ya mabodi ya kompyuta hugeuza kazi ya tundu. Ukichomeka waya, programu ya Realtek, ile inayosimamia kadi ya sauti, inakuuliza umechomeka nini. Kwenye bluu nikajibu spika za nyuma, kwenye pinki nikajibu katikati na besi. Ikakubali bila kinyongo.

Halafu kuna Windows yenyewe. Hata ukichomeka waya mia, yenyewe ikiwa bado inaamini una spika mbili, muvi ya chaneli sita itakandwa na kuwa mbili kabla haijatoka. Unaingia kwenye mipangilio ya sauti, unachagua spika zako, unaiambia ni 5.1, na pale pana kitufe cha kujaribu kinachopiga kengele kwenye spika moja moja. Nilipokibonyeza kengele ikazunguka chumba, ting, ting, na mpwa wangu akawa anaikimbiza kwa kidole. Ilipofika zamu ya spika ya katikati, kimya. Badala yake sabufa chini ya meza ikatoa sauti kama mtu anayegonga ndoo ya maji.

Sikujali, nikaweka muvi. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu. Mlipuko unatokea, kile kispika cha katikati kinatetemeka kama nyuki ndani ya chupa. Mwanamke anamwambia mumewe kwamba anaondoka, na maneno yanatoka kwenye sabufa, mazito, kama kafungiwa ndani ya pipa. Katika muvi nyingi karibu mazungumzo yote hukaa kwenye chaneli ya katikati, na ya katikati na ya besi husafiri kwenye waya mmoja, moja kwenye nyekundu na nyingine kwenye nyeupe. Nilikuwa nimezibadilisha. Nikachomoa, nikageuza, nikachomeka. Sekunde nne. Yule mwanamke akatoka kwenye pipa na kuja kusimama chini ya monita, akaendelea kulia vizuri.

Mtu atauliza kwa nini sikutumia waya ule wa mwanga (optical) au HDMI, ule wa picha na sauti pamoja. Wa mwanga hauwezi kubeba chaneli sita zikiwa ghafi. Unabeba mbili, au sita zilizobanwa kwa Dolby Digital au DTS, na lazima upande wa pili kuwe na kifaa cha kuzibanua. Sabufa yangu haina. HDMI yenyewe inabeba hata nane bila shida, ila inataka amplifaya yenye tundu lake, na bei yake tuiache hapo hapo dukani.

Sasa muvi zenyewe. Kijana wa maktaba ya muvi hapa mtaani Sinza ananijazia flashi, na nyingi ya anazonipa ni faili ndogo zilizobanwa hadi sauti ikabaki stereo. Hapo hata ungekuwa na spika kumi na mbili ni kazi bure. Siku hizi kabla sijamlipa nafungua moja kwa VLC, programu ya kuchezea muvi, nabonyeza Ctrl na J, natazama mstari wa chaneli. Ukisema Stereo, ni mbili. Ukisema 3F2R/LFE, yaani tatu mbele, mbili nyuma na ile ya mngurumo, hiyo ndiyo naitaka. Kijana alidhani nimekuwa mkaguzi. Zilizotafsiriwa sizikagui hata, maana mfasiri akishaongea juu ya muvi kila kitu kinachanganywa pamoja. Na mke wangu ndizo anazozipenda, kwa hiyo siku zake spika za nyuma zinapumzika.

Kuzipanga nako kulikuwa na maneno. Mahali panaposhauriwa kwa spika za nyuma ni pembeni na nyuma kidogo ya masikio, kama nyuzi 110 kutoka mbele, wala si nyuma ya kisogo. Sebule yangu ni mita tatu kwa nne na kochi limegusa ukuta, hakuna "nyuma" ya kuzungumzia. Moja nimeitundika kwa msumari karibu na dirisha, nyingine juu ya kabati la vyombo pembeni ya mlango wa uani. Ya kabatini ikipigwa besi vikombe vinajibu. Waya nimeupitisha chini ya mkeka. Sauti ya katikati nimeipandisha kwa rimoti, la sivyo pangaboi linameza maneno.

Jumamosi moja usiku tukaweka muvi fulani, 3F2R/LFE kwenye VLC, safi kabisa, mimi, mpwa na mke wangu ambaye alikuwa nusu anatazama nusu anachambua mchele. Mvua ikaanza kwenye muvi. Mbele haikusikika sana, ilianzia ile spika ya kabatini, matone machache, kisha ikakaza. Mke wangu akaweka ungo chini, akatoka mbio uani kuanua nguo. Tulimwacha. Akarudi na nguo kavu mkononi na nyota zimejaa juu, akatutazama mmoja mmoja, akaketi. Hakusema kitu.

Wiki iliyofuata, masika yamekolea, tuko palepale tunatazama muvi nyingine. Mvua ikasikika kutoka upande wa kabati. Nikamwambia, mama, nguo. Akasema, "Hiyo ni yenu, siinuki." Sare za shule zikalala nje mpaka asubuhi.