Pale kwa Mama, Sinza

Jumamosi nilishuka Sinza, Dar, nikaenda moja kwa moja pale kwa Mama. Baa ina kibao na jina lake zuri tu ila sijawahi kumsikia mtu akilitumia, ukimwambia bodaboda nipeleke kwa Mama anakupeleka bila kuuliza Mama yupi.

Kwa wasioijua historia, Sinza ilipimwa viwanja miaka ya 70, ule mradi wa serikali na Benki ya Dunia uliogusa na Kijitonyama, watu wakapewa viwanja wakajenga wenyewe polepole kadiri hela ilivyopatikana. Mama na marehemu mumewe nyumba waliiweka nyuma, mbele wakaacha uwanja wenye mwembe, na huo uwanja ndo ukaja kuwa baa. Baba yangu alianza kukaa pale enzi bia zinagombaniwa, kabla kiwanda cha bia, TBL, hakijaingia ubia na Wasauzi 1993, alikuwa anasema kreti zikishushwa tu mtaa mzima unajua. Akitoka pale na wenzake wanaenda ukumbi wa Mlimani Park kucheza Sikinde, bendi iliyoanza 1978 halafu DDC, shirika la jiji la Dar, wakaichukua 1983, na mpaka leo Jumapili jioni Mama anapiga zilipendwa tupu, hata uje na simu yako umwombe dada wa kaunta aunganishe spika hakubali, na mi naona yuko sahihi kabisa.

Lakini kilichoishikilia ile baa miaka yote hii ni jiko, hapo sitaki ubishi. Sheria ya vileo ni ya 1968, siku za kazi pombe mwisho saa 5 usiku na kuanza ni saa 10 jioni, sasa piga hesabu mwenyewe, kutwa nzima viti vingekuwa vinapigwa jua tu kama si supu. Saa 12 asubuhi sufuria la makongoro liko tayari, limelala kwenye mkaa usiku kucha mpaka ile ngozi ya kwato inang'ang'ania vidole, unakamua ndimu, unaponda pilipili mbuzi pembeni ya bakuli, chapati mbili, umemaliza. Makonda, walimu, mafundi, wote wako pale, na mama zetu walokole ambao jioni hawawezi kukanyaga asubuhi wanatuma watoto na hotipoti. Mi mwenyewe ndo nilivyoijua baa, kwa kutumwa supu.

Jioni zamu ni ya mchomaji. Yule mzee alikuwa hakuwekei nyama mezani tu akaondoka, anakuja na ubao wake, anakuuliza ya mafuta au steki, anakatakata mbele yako vipande saizi moja halafu chumvi analundika kwenye kona ya ubao, kachumbari huku, ndizi za kuchoma huku. Na kisu anakifuta kwa ganda la ndimu kabla hajaenda meza nyingine. Sa hivi amepumzika, kijana wake ndo yuko jikoni, nilimwangalia Jumamosi kwa makini sana na kisu anakifuta vilevile, nikafurahi kweli yaani.

Baba alipofariki kamati ya mazishi ilikaa chini ya ule mwembe, siku tatu Mama hakuwasha muziki. Daftari la rambirambi lilikuwa lile lile la madeni ya wateja, aliligeuza akaanza kuandika kutoka nyuma, na mi nilipokuwa nahesabu michango nikafunua mbele nikaona jina la baba na deni lake, bia nne na mbuzi nusu kilo, limekatwa mstari kwa kalamu ya bluu. Hajawahi kulitaja, na mi sijawahi kumuuliza.

Nyumba ya kulia imeshavunjwa inapanda lodge, ya kushoto imeuzwa. Nilipomuamkia Mama nikamuuliza na wewe vipi, wamekuja? Akasema wamekuja mara tatu mwanangu, wa mwisho alikuja na hela kwenye bahasha kabisa, nikamwambia kaa kwanza unywe supu. Nikamuuliza akanywa? Akasema alikunywa, na juzi karudi tena, safari hii kaja na mkewe, wamekula mbuzi wakaondoka hawakuongelea kiwanja.

Basi nikaagiza bia. Mhudumu ni mgeni, akaniuliza ya moto au ya baridi, kabla sijajibu Mama akapaza sauti toka kaunta, "Ya moto huyo, kwao wanakunywa ya moto." Mi huwa nakunywa ya baridi. Nilichukua ile ya moto, dada akaifungua mbele yangu, kifuniko akakirudisha juu ya chupa kuzuia nzi, nikainywa taratibu mpaka ikaisha.