Chenji ya Mangi

Jana jioni nimemtuma mwanangu wa darasa la nne dukani kwa Mangi, nusu kilo ya sukari. Nilimpa noti ya elfu tano. Karudi na chenji kana kwamba nilimpa noti ya elfu kumi. Nikahesabu mara mbili, moyoni nikasema leo Mungu kanikumbuka, nikazikunja taratibu kwenye pindo la khanga.

Mtoto kasimama tu pale mlangoni. "Mama, Mangi kakosea."

Nikamwambia kamalizie homuweki. Jamani, homuweki yenyewe sasa! Daftari la Historia ya Tanzania na Maadili, mwandiko umepinda kama njia ya kisimani: "Uaminifu ni kurudisha kisicho chako." Tiki nyekundu, na "Vizuri sana" ya mwalimu.

Sisi ndio wa kwanza kulalamika kwenye vikao vya wazazi kwamba shule hazifundishi maadili siku hizi. Mimi mwenyewe niliwahi kunyoosha mkono.

Nikafungua pindo, nikampa hela. Akatoka mbio, ndala mkononi. Karudi anamung'unya pipi: "Mangi kasema asante, na anakusalimia sana."

Chai nilikunywa nimeangalia ukutani.