Neno Moja kutoka Mokowe hadi Matondoni

Basi lilitufikisha Mokowe alasiri ya Septemba, msimu wa demani, pepo za kusi zikiwa zimelegea na bahari imetulia. Mkobani nilikuwa na karatasi tatu. Bi mmoja wa Lamu, mwenye nyumba ya wageni katika mji wa kale, alikuwa amenitumia orodha yake ya bei iliyoandikwa kwa Kiingereza, akitaka niifasiri upya kwa Kifaransa na Kiswahili, kwa kuwa mfasiri wa kwanza alikuwa amemharibia. Kilichoharibika kilikuwa neno moja tu, board. Half board, yaani malazi pamoja na kifungua kinywa na mlo mmoja mkubwa, kwa Kiswahili iliandikwa "nusu bodi" na kwa Kifaransa demi-bord. Mfaransa akisoma hivyo haoni chakula chochote. Anaona nusu ya ukingo. Mswahili naye atadhani ni nusu ya kamati, au ya bodi ya gari. Nimefundisha lugha hizo mbili kwa miaka mingi, na kosa la namna hii huniuma, kwa sababu mgeni aliyelipa hukosana na mwenyeji wake bila hata mmoja wao kuwa na hatia.

Kutoka Mokowe huvukwa kwa boti hadi kisiwa cha Lamu. Kijana wa chomboni alinyoosha mkono akaniambia, "Ndoo, ami, keti huku yuu." Anayejua Kiswahili sanifu peke yake angetafuta ndoo ya maji, lakini kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, ndoo ni njoo, na yuu ni juu. Nikapanda, na hapo hapo nikawa nimeingia katika neno langu. Mwingereza aliyepanda chombo yuko on board, na Mfaransa yuko à bord. Mahali hapo pamoja maneno hayo mawili hukaa bega kwa bega kama ndugu. Yakishuka pwani, kila moja hushika njia yake.

Ndugu ni ndugu kweli. Katika lugha za kale za kaskazini mwa Ulaya kulikuwa na bord mbili zilizofanana kwa sauti: moja ilikuwa ubao, nyingine ilikuwa ubavu wa chombo na ukingo wa kitu. Kiingereza kilizichanganya zikawa neno moja. Kifaransa kilirithi kwa Wafranki, kabila la kale la Kijerumani, ile ya ubavu, kikaitanua hadi ikawa ukingo wa kila kitu: bord de la mer ni ufuoni, na vilevile kuna bord ya barabara, ya kofia, ya bilauri. Mama Mfaransa anayemfunika mtoto shuka na kuichomeka pembeni mwa godoro hufanya kitendo kinachoitwa border, na sijui neno zuri zaidi la kulaza mtoto katika lugha hiyo.

Usiku ule nilimweleza Bi upande wa Kiingereza, tukiwa tumeketi barazani na kahawa chungu. Waingereza walifuata ubao. Ubao uliotandazwa juu ya miguu ukawa meza. Meza ikakipa chakula jina lake, ndipo full board ikawa malazi na milo yote. Watu waliokaa kuizunguka meza ile wakishauriana nao wakaitwa board, na kutoka hapo sisi tukapata bodi ya wakurugenzi. Mcheza karata aliyeweka mikono juu ya meza, ili kila mtu aione, alikuwa above board, na hadi leo ndivyo anavyosifiwa mtu asiye na hila. Kifaransa hakikufuata njia hiyo hata kidogo. Baraza kwao ni conseil, na chakula cha mgeni ni pension: pension complète kwa milo yote, demi-pension kwa nusu yake. Neno hilo limetokana na malipo, ndiyo maana mstaafu wa Ufaransa naye hupokea pension.

Bi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe, mwanangu, Mwingereza huuza ubao na Mfaransa huuza malipo, na mimi napika samaki yule yule."

Asubuhi nilipata nafasi katika mashua iliyokuwa ikienda Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo upande wa pili wa kisiwa. Tulipita kando ya mikoko na nahodha akawa anataja pande zake: joshi, unakotoka upepo, na demani, unakokwenda. Nikamwambia kwamba Waingereza huhesabu kwa mkono. Kulia ni starboard, ubavu wa usukani, kwa sababu zamani kasia la kuongozea lilifungwa kulia. Kushoto waliita larboard, lakini katika upepo mkali majina hayo mawili yalisikika kama moja, na mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaamuru kushoto kuitwe port. Wafaransa walichukua yao kwa Waholanzi, wakayakata yakawa bâbord na tribord. Mabaharia wao hukumbuka kwa neno batterie, ba kushoto na tri kulia.

Nahodha alisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Na demani je, mwalimu? Ni msimu, au ni hii kamba ya tanga niliyoishika?"

Nilimrudishia swali. Akasema, "Yategemea uko pwani au uko chomboni."

Katika vitabu vyote nilivyofundishia sijakutana na kanuni iliyo bora kuliko hiyo. Muda mfupi baadaye alipindua chombo, tukashika upande mwingine. Mfaransa angesema virer de bord, na maneno hayo hayo huyatumia kwa mwanasiasa aliyehama upande, kama sisi tunavyopindua mashua na kupindua serikali. Tulipokaribia ufuo nikakumbuka aborder: kufika kando, lakini pia kumwendea mtu usiyemjua na kumsemesha.

Fundi niliyemsemesha alikuwa amechuchumaa chini ya ubavu wa jahazi, akitia kalafati. Alisokota pamba iliyolowa mafuta ikawa nyembamba kama utambi, akailaza katika ufa kati ya mbao mbili, kisha akaishindilia kwa patasi butu, pigo dogo dogo, hadi ikazama isionekane. Wafaransa huita kazi hiyo calfater, neno lililozunguka Bahari ya Kati kama kalafati yetu. Pamba ilipokwisha, alirarua kitambaa cha shuka kuukuu akaendelea nacho. Wenzetu wangesema anafanya na les moyens du bord, vile vilivyomo chomboni. Kiganja chake kilipita juu ya ubao ule, taratibu, kikitafuta ufa uliosahauliwa, hadi kikafika ukingoni.

Niliandika orodha jioni ile. Kwa Kifaransa nikaweka demi-pension. Kwa Kiswahili nikaandika: "Malazi, chakula cha asubuhi na cha jioni." Bi aliisoma kwa sauti mara mbili, akaniuliza kama chai ya saa kumi imo, nikamwambia haimo. "Basi itie," akasema, "sitaki mgeni wangu aulize." Nikaitia.