Kipande cha Tepu

Injini ilizimika dakika ya tisa. Ilikohoa mara mbili, mlio ukapungua, rafadha ikasimama mbele ya macho yangu. Ndege ilikuwa bado chini, mkia umefungwa kwa kamba kwenye mti na magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Ilikuwa Februari 2014, huko Njoro, Kenya, nje ya ghala la mahindi ambamo nilikuwa nimeijenga ndege hiyo kwa miaka sita.

Mzee aliyekuwa akinisaidia alistaafu kazi ya ufundi wa ndege pale Wilson, uwanja wa ndege wa Nairobi. Hakuangalia hata injini. Alipanda stuli, akashika kifuniko cha tangi kwenye bawa, akakifungua polepole. Nikasikia hewa ikivutwa ndani, fyuuu, kama mtu aliyeibuka majini.

“Umesikia, kijana?”

“Nimesikia, Mzee.”

“Tangi lako halipumui.”

Petroli ikitoka tangini, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, pampu huvuta mpaka ikashindwa. Kazi hiyo hufanywa na kijibomba chembamba kama mrija wa soda. Pale kilipotokeza chini ya bawa palikuwa na rangi nyeupe, laini, iliyonifurahisha sana siku niliyoipaka. Nikakwaruza kwa ukucha. Rangi ikabanduka, na chini yake kikatoka kipande cha tepu, si kikubwa kuliko ukucha wenyewe. Nilikibandika mimi wiki tatu kabla ili rangi isiingie tunduni, kisha nikakisahau na kupaka juu yake.

Niliketi chini pale pale. Nilikuwa nimepanga kuruka kesho yake. Dakika ya tisa ningekuwa juu ya mashamba ya watu, au nimeshaelekea msitu wa Mau. Mzee akanipa chai, akaniacha nitetemeke mpaka nikamaliza.

Tuliikagua ndege yote upya kwa siku kumi na mbili, kila boti, kila waya wa usukani, kwa tochi. Mama alidhani nimeghairi, akafurahi kimyakimya.

Siku yenyewe tulitoka alfajiri, baridi ikiwa kali. Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini kama ile Rotax yangu ya nguvu farasi 80 hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Jua likishapanda hewa huzidi kuwa nyepesi, na ndege hutaka njia ndefu zaidi ya kupaa. Nikasukuma mkono wa mafuta hadi mwisho. Magurudumu yalipiga kelele juu ya mabua ya ngano yaliyobaki baada ya mavuno, bawa likatetemeka, kisha kelele ile ikakatika ghafla. Kulia kwangu Ziwa Nakuru liling'aa kama bati jipya. Nililia, tena kwa sauti.

Dakika ya tisa nilijikuta nimezuia pumzi. Injini iliendelea kunguruma. Nilizunguka mara moja tena, nikatua.

Mama alikuja mbio, kanga imemdondoka. Mzee hakuja kwangu. Aliweka stuli chini ya bawa, akaninyooshea kidole.

“Panda wewe. Fungua.”

Nikazungusha kifuniko polepole, sikio karibu na tangi. Hakukuwa na mlio wowote.