Jino moja, bili ya mistari minane

Nilipiga simu nikauliza lile swali ambalo kila mtu anauliza, "samahani dada, kung'oa jino la mwisho ni bei gani?" Dada wa mapokezi akanitajia hela papo hapo, hata kufikiria hakufikiria, nikamshukuru nikakata simu, nikaenda kutoa kiasi hicho hicho na ya nauli juu. Wiki mbili baadae nimesimama dirisha la malipo, shavu limevimba kama nimeficha mpira wa tenisi, pamba mdomoni siwezi hata kubishana, nasukumiwa karatasi yenye mistari minane na jumla yake ni kama mara nne ya ile ya kwenye simu.

Nilikasirika sana siku ile. Sasa hivi hasira zimeisha na nimeshaisoma ile karatasi mara nyingi kuliko meseji za mtu yeyote, na kwa kweli yule dada hakunidanganya, mimi ndo niliuliza vibaya.

Iko hivi. Hayo magego ya mwisho, wengine wanayaita meno ya hekima, kwa kawaida yanakuwa manne, mawili juu mawili chini, japo kuna watu wana pungufu na kuna waliobarikiwa hawana hata moja. Yanachomoza mara nyingi kati ya miaka 17 na 25, wakati huo taya limeshajaa, wenzao wameshakaa kwenye viti vyao. Likipata nafasi linatoka wima kama jino lingine lolote, daktari analishika na koleo, anatikisa tikisa, linatoka. Hiyo ndo inaitwa kung'oa, na hiyo ndo bei niliyotajiwa. La kwangu la chini kulia halikutoka lote, lilikuwa limelala ndani ya mfupa limeelekeza kichwa kwa jirani yake, na jino la namna hiyo haling'olewi, linafanyiwa upasuaji. Ni kazi mbili tofauti kabisa ila kwenye simu zote tunaziita kung'oa jino.

Kilichonifungua macho ni picha. Ile ya taya zima, unasimama unang'ata kijiti cha plastiki alafu mashine inakuzunguka kichwa, inatoka picha moja ndefu yenye meno yako yote ya juu na chini, ni kama umecheka ukiwa mifupa mitupu. Daktari wangu ni mama wa makamo, mpole, anaongea taratibu, akaweka ncha ya kalamu kwenye skrini akanionesha mstari wa kijivu unaopita chini ya meno ya taya la chini. "Humu mwanangu ndo unapita mshipa wa fahamu wa mdomo wako wa chini na kidevu." Akasogeza kalamu hadi kwenye mizizi ya jino langu. Ilikuwa haijagusana na ule mstari, akasema tuna bahati. Ingekuwa mizizi imeukalia mshipa angetaka picha nyingine ya kuona kwa pande zote, na hiyo ni mstari mwingine kwenye bili, na sio wa bei ndogo. Kuna wakati mizizi ikiwa imekaa vibaya sana wanakata kichwa cha jino tu na mizizi wanaiacha humo humo kwa makusudi, kuliko kuuchokonoa mshipa ubaki na mdomo wenye ganzi miezi mingi au moja kwa moja.

Kwahiyo ukitaka kujua bei anza na hiyo picha, kabla ya picha mtu anayekutajia bei anabahatisha. Kwenye picha daktari anaangalia vitu viwili vikubwa, limezama kiasi gani na limeinama upande gani. Jino lililofunikwa na fizi tu ni kukata fizi na kulitoa, likiwa nusu ndani ya mfupa inabidi mfupa uchongwe, likiwa lote ndani ya mfupa ndo kazi yenyewe sasa, na kila ngazi unayoshuka bei inapanda. Kuhusu kuinama, yale yaliyomwegemea jirani ndo mengi kwa taya la chini, ila daktari aliniambia yanayomsumbua yeye ni yaliyoinama kinyumenyume kuelekea koo, kwa picha unaona kama halina shida ila ukilisukuma litoke linaenda kujikita kwenye mfupa wa nyuma wa taya. Ya juu kwa kawaida ni nafuu, mfupa wa juu ni laini kidogo. Jamaa aliyeingia kabla yangu alikuwa wa juu, dakika kumi katoka na tabasamu la upande mmoja. Mimi nilikaa pale dakika arobaini na tano.

Nyie mnaoogopa rukeni aya hii. Sindano ya ganzi unaisikia, baada ya hapo mdomo unakuwa kama wa mtu mwingine. Akachana fizi, akaikunjua, ikaja ile mashine inayochonga huku inamwaga maji, msaidizi anafyonza na mpira. Maumivu hamna ila mtikisiko upo, na kulikuwa na wakati mmoja akaniambia "sasa utasikia mlio, usishtuke", nikasikia KRAA, sio kwa masikio, ni ndani ya fuvu. Alikuwa amelipasua jino kwa sababu zima lisingepita bila kuchonga mfupa mwingi zaidi. Likatoka vipande vitatu, akashona nyuzi mbili.

Ukishaelewa hiyo ndo karatasi inasomeka. Mstari wa kwanza kumwona daktari, wa pili picha, wa tatu ganzi, wa nne upasuaji wenyewe, wa tano vifaa vya kutumia mara moja na kutupa, wa sita uzi, wa saba dawa za kwenda nazo, wa nane kurudi kukaguliwa. Huo wa nne ndo ulikuwa zaidi ya nusu ya bili nzima. Kuna sehemu wanakupa bei moja kila kitu humo ndani na kuna sehemu wanakukatia kipande kipande kama pale nilipoenda, zote sawa tu, tatizo ni pale unapolinganisha bei ya jumla ya sehemu moja na bei ya mstari mmoja wa sehemu nyingine alafu unajiona umepata cha bei rahisi. Na uzi bana. Mpaka leo uzi kuwa na mstari wake peke yake unanikera, upasuaji gani wa mdomo unaisha bila kushona, ni kama fundi nguo akuchaji sindano.

Kitu kingine kinachorusha bei juu ni usingizi. Mimi nilimwambia kabisa mama nataka nilale niamke imeisha, akacheka akasema "mwanangu, hapo utalipia usingizi kuliko jino". Ganzi ya sindano anachoma yeye mwenyewe na ni hela ndogo. Ukitaka ile dawa ya mshipani ya kukulegeza uwe unasinzia sinzia anatakiwa mtu wa kukuangalia pumzi na mapigo muda wote. Nusu kaputi ndo kabisa, unahitaji mtaalamu wa usingizi, chumba cha upasuaji, vipimo kabla, kitanda cha kuamkia, na wote hao wanalipwa. Ila hapa msinielewe vibaya, kuna watu wanahitaji kweli, na kama una manne yote yamezama inawezekana kulala mara moja yakatolewa yote ikawa nafuu kuliko kwenda mara nne, kuvimba mara nne na kuomba ruhusa kazini mara nne. Piga hesabu zote mbili, usidhani tu.

Alafu nani anatoa. Daktari wa meno wa kawaida anatoa mengi tu vizuri, bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya ada yake iko juu. Kwa jino lililochomoza sioni sababu ya kumlipa bingwa. Kwa jino lililokaa karibu na mshipa sitabana hela hata kidogo, na nawaambia hivyo mimi ambaye nabana hela kwenye kila kitu.

Bima sasa, uwii. Kadi yangu inasema wazi inalipia kung'oa jino, nikaenda nimetulia. Kumbe kwao upasuaji wa kinywa ni kipengele kingine, kinataka kibali kabla, na kibali kinataka ile picha na barua ya daktari, mimi nikapeleka vyote baada ya jino kutoka. Jibu lao lilikuwa sentensi moja. Kuna bima zina kiwango chake cha meno kwa mwaka na kinaisha haraka sana, zingine zinakutaka usubiri miezi kadhaa tangu ujiunge ndo uguse mambo ya meno, na kuna zingine upasuaji wa ndani ya mfupa wanauhesabu kwenye matibabu ya kawaida sio meno, ambapo kiwango ni kikubwa zaidi. Hilo la mwisho ulizia kwa nguvu zako zote. Na uombe makadirio kwa maandishi, yenye jina la kila kitu watakachofanya, uyapeleke bima kabla hujafungua mdomo.

Kuna gharama ambazo haziko kwenye karatasi. Niliomba ruhusa kazini siku mbili nikakaa tano, kwa sababu uvimbe unafika kileleni siku ya pili ya tatu, sio siku ile ile kama nilivyodhani, mdomo ulikuwa unafunguka upana wa kidole kimoja. Alafu siku ya nne nikaanza maumivu mapya yanapanda mpaka sikioni, dawa haishiki. Damu iliyoganda kwenye shimo ilikuwa imetoka, mfupa ukabaki wazi, inatokea kwa baadhi ya watu na wavutaji sigara wako kwenye hatari zaidi, mimi sivuti na bado ikanikuta. Nikarudi wakasafisha, wakaweka dawa ndani ya shimo, ndani ya saa moja nikawa mtu. Na nikalipa tena! Ule mstari wa nane ulikuwa wa ukaguzi mmoja tu wa nyuzi, hili likahesabiwa tatizo jipya. Ningejua ningeuliza mwanzo kabisa, kikitokea kitu wiki ya kwanza nalipa au silipi.

Ila hesabu iliyoniuma zaidi niliifanya nyumbani nikiwa nimeshikilia barafu shavuni. Lile jino lilianza kunisumbua miaka mitatu nyuma, kipande kidogo kilikuwa kimechungulia na fizi imekifunika nusu kama kofia, chakula kinaingia chini yake, panavimba, napewa antibayotiki, panatulia, baada ya miezi kadhaa tena. Nikajumlisha kila safari ya daktari, kila dozi, na kujaza lile gego la jirani ambalo lilitoboka kwa sababu mswaki ulikuwa haufiki pale katikati. Ilikaribia kabisa bili ya upasuaji. Yaani nimelilipia lile jino mara mbili, mara moja likae na mara moja litoke. Na muda wote huo umri unasogea, mfupa unakuwa mgumu, kupona kunachelewa, daktari alisema ningekuja nikiwa na miaka 20 yeye angemaliza mapema na mimi ningevimba kidogo.

Lakini msiende mkayatoa yote kwa woga wa kuzeeka nayo. Uingereza tangu mwaka 2000 muongozo wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, unasema jino la hekima lililokwama likiwa halina ugonjwa lisitolewe kwenye huduma zao za afya za umma, sababu upasuaji nao una hatari zake. Kwingine wako wanaoyatoa mapema kabla hayajaleta shida, na madaktari wenyewe wanabishana. Msimamo wangu, ambao ni wa mtu aliyetoa moja tu, ni kwamba kama panavimba mara kwa mara, au limeoza, au linamla jirani, au kwenye picha kuna uvimbe wa maji umelizunguka, usingoje. Kama limetulia na mtu anakusukuma ulitoe wiki hii, muulize anaona nini kwenye picha akuoneshe kwa kalamu kama mama alivyonionesha mimi.

Maana na mimi ninalo lingine, la chini kushoto, limelala vile vile kama pacha wake ila limezama lote halijachungulia popote. Daktari kasema tuliache, nikapige picha nyingine baada ya mwaka mmoja au miwili. Nikamwambia sawa, ila niandikie bei yake sasa hivi, kila kitu, mpaka uzi. Akacheka mpaka akavua miwani, alafu akachukua kalamu akaandika nyuma ya ile bili yangu, mstari kwa mstari, safari hii tisa, wa tisa ni kurudi kama shimo litasumbua, mbele yake kaweka sifuri. Karatasi iko kwenye droo pamoja na vipande vitatu vya lile la kulia.